Kifaa cha kidoleni au cha tumboni: kipi kitawahi kugundua pumzi ya aliyezidiwa na dawa za kulevya ikififia?

Cha kidoleni husoma oksijeni ya damu kwa mwanga. Cha tumboni huhesabu pumzi kwa kihisi mwendo. Tofauti kubwa ni muda. Mtu akizidiwa na heroini au fentanili (dawa za jamii ya opioidi), pumzi hufifia kwanza, oksijeni hushuka baadaye, na kidoleni mshuko huo huchelewa tena kuonekana. Vidole baridi au rangi ya kucha huvuruga kipimo. Kwenye ngozi nyeusi namba huweza kusomeka juu kuliko hali halisi, kosa baya kabisa hapa.

Cha tumboni nacho hudanganyika: koo likiziba, tumbo huendelea kupanda na kushuka ilhali hewa haipiti. Gundi inayokishika mwilini ikibanduka, ndiyo basi.

Kengele ya kifaa haimsaidii aliyezimia akiwa peke yake. Kwake ningependelea kinachodunga chenyewe, kama kifaa cha majaribio cha Chuo Kikuu cha Washington cha 2021, kilichopeleka naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya opioidi, chini ya ngozi. Mwenye watu karibu, kengele na naloksoni ya puani ya miligramu 4 zinatosha: puliza, ita ambulansi, msaidie kupumua, rudia baada ya dakika 2 hadi 3 asipozinduka. Msimwache: naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, opioidi ingali mwilini.