Daftari la maombi la siku 365: zuri, ila limeruka kilio

Dada yangu mkubwa alinipa daftari hili wiki ile niliyotolewa sampuli ya uvimbe shingoni nikaambiwa nisubiri majibu siku 14. Hakunihubiria. Alisema tu, "Ukishindwa kuomba, andika." Nimelitumia miezi minne sasa, kwa hiyo naongea kama mtu aliyelichakaza, si aliyelifungua jana.

Jalada ni gumu, ukurasa mmoja kwa siku. Juu kuna andiko, chini yake Shukrani yenye mistari sita, halafu Ombi mistari minne, na pembeni kabisa kiboksi cha "Mungu amejibu" chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Karatasi ni nyepesi, wino wa jeli unapenya hadi upande wa pili, tumia kalamu ya kawaida. Sifa yake kubwa ni kwamba linakaa wazi mezani bila kushikiliwa. Unaweza kuliona jambo dogo, mpaka uandike saa tisa za usiku mkono mmoja ukiwa umeshika tochi ya simu, maana hutaki kuwasha taa mama watoto akaamka na kukuuliza una nini.

Shida yangu ni maandiko waliyochagua, au tuseme waliyoyakata. Siku ya tatu nilikutana na Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani wala si ya mabaya. Naipenda, nani asiyeipenda? Lakini mstari wa 10, uliotangulia, unataja miaka 70. Ile ilikuwa barua kwa watu waliokwisha kuhamishiwa Babeli, na wazee waliosomewa barua ile lazima walijua kwamba siku ya kurudi haitawakuta. Mimi nilikuwa nasubiri wiki mbili tu na tayari nilikuwa nimeanza kupiga hesabu za ada ya watoto bila mimi. Mstari wa 10 ndio ungenifaa, kwa sababu ungenionyesha kwamba ahadi ile walipewa watu ambao bado walikuwa na safari ndefu ya kungoja.

Zaburi 13 nayo imekatwa kichwa. Wameweka kule mwishoni tu, anaposema amezitumainia fadhili za Bwana. Nilifungua Biblia yangu nikakuta zaburi nzima ina mistari 6, na miwili ya kwanza imeuliza "hata lini" mara nne. Daudi alipanda kwa ngazi, daftari limempandisha kwa lifti. Zaburi 88 haimo kabisa, nimepekua kurasa zote. Ile haina mahali inapogeuka kuwa sifa, inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na bado imo kwenye Biblia. Usiku wa tisa niliinakili kwa mkono kwenye nafasi ya Shukrani. Mistari sita haikutosha, nikazungukia pembeni mwa ukurasa mpaka maandishi yakawa yamepinda kama nyoka. Usingizi haukuja hata baada ya hapo, ila niliacha kumwigizia Mungu kwamba sina hofu.

Kuna ukurasa mmoja, hata hivyo, unaolipia daftari zima. Ni Marko 9:24, maneno ya yule baba mwenye mtoto anayesumbuliwa na pepo: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Wamechapa hayo tu na kuacha ukurasa mzima mweupe, hakuna Shukrani, hakuna Ombi, hakuna kiboksi. Aliyebuni ukurasa huo nadhani aliwahi kukosa usingizi. Muda wote nilikuwa naogopa kwamba shaka yangu inabatilisha ombi, kama hundi yenye saini isiyofanana. Kumbe yule baba alikuja na "ukiweza", akakiri mbele ya umati kwamba imani yake ina upungufu, na Yesu hakumwambia aende kwanza akaijaze. Alimshughulikia mtoto palepale. Nimeusoma mstari huo tangu utotoni na sikuwahi kuona kwamba ule upungufu wake nao ameuweka ndani ya ombi.

Majibu yalichelewa wiki moja zaidi, kisha nikaambiwa uvimbe si mbaya, utaondolewa tu. Nikarudi nyumbani nikajaza tarehe kwenye kiboksi kwa herufi kubwa. Ndipo nikamkumbuka mama tuliyekaa naye benchi moja. Aliitwa kabla yangu, akatoka akiwa ameshikilia ukuta. Naye alikuwa akiomba, niliona midomo yake ikichezacheza. Kiboksi chake angekijaza vipi? Sina jibu, na sijaribu kulitunga. Namwandika kwenye Ombi kila siku, na jina lake silijui, naandika "mama wa benchi". Viboksi vya kurasa hizo nimeviacha wazi.

Watengenezaji wakilichapa upya, naomba waongeze nafasi ya kuandika "bado". Sentimita mbili zinatosha. Mistari ya Shukrani waipunguze, kuna siku sita ni mingi mno na mtu anaishia kushukuru kwa sababu ya kujaza nafasi.

Kama unamnunulia mtu aliye katikati ya hofu, lipokee wewe kwanza, uweke alama ya penseli kwenye ukurasa wa Marko, kisha ndipo umpe. Asianzie siku ya kwanza.

Nyota 3 kati ya 5. Zingekuwa 4, lakini utepe wa kuwekea alama ulichomoka wiki ya pili, sasa natumia kadi ya kliniki.