Thermal-FIST: programu ya bure kwa wanaopiga hesabu za gesi ya pioni

Wakuu, kama unasoma mambo ya kugonganisha viini vizito vya atomi, ile ya risasi (madini ya lead) kwa risasi kwenye LHC, mashine ya CERN ya kugonganisha chembe, na bado unajiandikia kodi (code) yako mwenyewe ili tu ujue idadi ya pioni, chembe nyepesi zinazozaliwa kwa wingi humo, inapanda na kushuka kiasi gani, hebu pakua hii kwanza. Ni bure, kodi yote iko wazi GitHub, wenyewe ni Volodymyr Vovchenko na Horst Stoecker, makala yake ilitoka 2019. Ni C++ lakini ina sehemu ya kubofyabofya pia, na laptopu ya kawaida inatosha kabisa.

Mimi nnachoipendea ni kwamba unawasha na kuzima kitu kimoja kimoja. Weka listi ya chembe yenye pioni tu, zima mwingiliano, joto 155 MeV (huku joto linapimwa kwa kipimo cha nishati), potenshali ya kemikali (kile kinachoamua chembe zijae kiasi gani) sifuri, ukigawa varianzi (mtawanyiko wa idadi) kwa wastani wa kila aina ya pioni unapata kama 1.1 hivi, sio ile 1 ya Poisson, yaani ya chembe zisizojaliana, maana pioni ni bozoni na bozoni zinapenda kurundikana pamoja. Sasa washa msukumano, kila pioni ipe nusu kipenyo cha 0.3 fm (femtomita), namba inashuka sababu zinanyimana nafasi. Uzime tena halafu pandisha potenshali taratibu kuelekea masi ya pioni, karibu 140 MeV, weee namba inapaa, na ukivuka programu inakwambia wazi umegusa kondensesheni ya Bose, yaani pioni nyingi kurundikana kwenye hali ya nishati ya chini kabisa. Ndo pale unaona kwa macho kwa nini watu wanazitafuta hizi fluktuesheni, huku kupanda na kushuka kwa idadi!

Ila usikimbilie kulinganisha na data za ALICE, jaribio lililopo LHC, moja kwa moja. Humu gesi imetulia na ujazo wake umeupanga wewe, kule maabara ujazo unabadilika kila mgongano na ditekta inaona sehemu tu ya chembe. Chaji inayohifadhiwa unaweza kuiwekea, ipo modi ya kanonikali, inayoibana chaji isibadilike. Na msukumano wa vipenyo ni makadirio tu, pioni zinavutana pia, rho, chembe nzito ya muda mfupi, yenyewe inatokana na huko, so irudishe kwenye listi uone inavyovunjika kuwa pioni mbili mbili na kuongeza mtawanyiko wa jumla.

Kuinstoli sehemu ya kubofya unahitaji Qt, maktaba ya kutengenezea madirisha ya programu. Anzia mfano wa ALICE wa 2.76 TeV (nishati ya mgongano) uliomo humohumo, fiti joto likupe karibu 155, ndo uhamie kwenye pioni peke yake.