Duka la dawa linalouza adalimumabu katikati ya Mwanza: maoni ya mgonjwa wa baridi yabisi

Kwa mgonjwa wa baridi yabisi aliyeandikiwa adalimumabu, sindano ya kujichoma chini ya ngozi ambayo kwa kawaida ni miligramu 40 kila baada ya wiki mbili, ninalipendekeza duka hili, ingawa si kwa bei yake, ambayo asiye na bima ataiweza kwa shida.

Ubora wa duka hili ni maswali linayomuuliza mgonjwa. Dawa hii huizuia TNF, protini inayochochea uvimbe wa viungo lakini pia inayousaidia mwili kuvidhibiti vijidudu vya kifua kikuu vilivyojificha. Kwa hiyo mfamasia hatoi sindano ya kwanza kabla ya kuona majibu ya vipimo vya kifua kikuu na homa ya ini aina ya B, kwa kuwa maradhi yote mawili yanaweza kuamka. Wapo wanaolalamika kwamba anawachelewesha. Binafsi ningeliogopa duka lisilouliza.

Aliniuliza pia kama huwa ninasafiri kwenda Uganda au Kongo. Swali hilo lina maana kubwa kwa mkazi wa kando ya ziwa, kwani chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, kama ilivyo ya surua, na haipaswi kutolewa kwa anayetumia dawa hii. Suala la cheti cha chanjo hiyo kwa msafiri humalizwa na daktari kabla ya kuanza tiba.

Kasoro ipo kwa wasaidizi. Wengi wetu humeza pia methotreksati, dawa nyingine ya baridi yabisi, ambayo hupunguza uwezekano wa mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya sindano yenyewe. Septrin, dawa ya kuua bakteria, ikichanganywa na methotreksati inaweza kudhoofisha uboho hadi chembe za damu zikapungua kwa hatari, lakini jioni moja msaidizi aliyebaki peke yake kaunta alikuwa tayari kuniuzia bila kuniuliza neno, ilhali dawa zangu zote zimeandikwa kwenye daftari lao.

Uhifadhi hauna dosari: friji hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, jenereta ipo, na anayevuka kwenda Ukerewe hupewa kiboksi cha baridi pamoja na onyo kwamba barafu isiguse sindano, kwa sababu dawa iliyoganda hutupwa. Karatasi ya maelezo ni ya Kiingereza tupu, hivyo muombe mfamasia akuandikie kwa Kiswahili, hasa sehemu inayosema ukipata homa usijichome dozi inayofuata kabla ya kuzungumza na daktari.