Uzoefu wangu na Toyota IST ya zamani hapa Dar: gari rahisi, ila kila mtu ni fundi wake

Wakuu, naona kila wiki kuna mtu anauliza "nina milioni 10 na kitu ninunue kigari gani cha kuzugia mjini" na majibu ni yale yale, chukua IST haifi. Aisee inakufa. Inakufa kama gari zingine zote, tofauti ni kwamba ikikufia saa tatu usiku Mbezi Mwisho, hapo hapo kuna mtu anaijua na kesho asubuhi kifaa chake kipo duka la kwanza utakaloingia. Hiyo ndo siri yake yote, hakuna muujiza mwingine. Na hicho hicho kinachoifanya iwe rahisi ndo kinachoimaliza, maana kila aliyewahi kushika spana anajiita fundi wa IST na kila duka linauza kifaa cha IST, kizima na cha uongo kwenye shelfu moja.

Yangu ni modeli ya zamani, zile zilizotoka kiwandani kati ya 2002 na 2007, automatiki, injini 1NZ ya cc 1500. Ukifungua bonet kuna kibati, ikiandikwa NCP61 ni hii yangu, NCP60 ni ya cc 1300 yenye injini ya 2NZ, na NCP65 ni 1500 inayovuta miguu yote minne. Usiende dukani ukasema tu "naomba kifaa cha IST", nenda na namba ya chasis au nenda na kifaa kibovu chenyewe mkononi, utanishukuru.

Niliinunua kwa mtu hapa hapa mjini, sikuagiza. Sababu ni kodi. Gari ikizidi miaka 10 TRA wanaipiga kodi ya uchakavu asilimia 30, na hizi IST za zamani zote zimeshazidi huko, hapo bado ushuru wa forodha asilimia 25, bado ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1000 na 2000, alafu VAT 18 inakuja juu ya vyote hivyo. Ndo maana mtu anaona gari Japani inauzwa dola chache anashangilia, ikifika bandarini kodi inaipita bei ya gari yenyewe. Passo na Vitz za cc 1000 angalau wanaruka ile asilimia 5. Ndugu zetu Wakenya wao hata hawana mjadala huu, kwao gari ya zaidi ya miaka 8 haiingii kabisa.

Sasa tuje kwenye maisha yenyewe.

Mafuta kwanza maana najua ndo mnachotaka. Napima kwa kujaza fulu tenki mpaka fulu tenki, sio kwa kuangalia mshale. Foleni ya Mwenge au Tabata na AC imewashwa lita inanipa kilomita 10, ikijitahidi 11. Barabara kuu nikienda kistaarabu 15 mpaka 16. Anayekwambia IST inaenda 20 kwa lita muulize alipimaje. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wanaopanga bei kikomo, wakitoa bei mpya ya mafuta ndo utajua kama hiyo tofauti ya kilomita moja ni ndogo au sio ndogo.

Ila haikuanza hivyo. Nilipoichukua ilikuwa inakula, lita kilomita 8 kwenye foleni, na hapa nataka nikae kidogo maana naamini IST nyingi mjini zina ugonjwa huu na wenye nazo hawajui.

Dashibodi ya IST iko katikati na haina mshale wa joto. Kuna taa mbili tu, ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemsha. Ya bluu inatakiwa izime baada ya muda mfupi ukishawasha. Yangu ukitoka Kimara asubuhi unafika Ubungo bado iko bluu, na kama kuna mvua na barabara nyeupe inazima alafu inarudi tena. Fundi wa kwanza, kijana mzuri tu, akaniambia "bosi hiyo taa achana nayo, gari ipo vizuri, injini baridi ndo inadumu". Nikampelekea mzee mmoja gereji nyingine, hakusema kitu, akafungua pale bomba la maji linapoingia kwenye injini, akanionyesha. Tupu. Thamostati hakuna.

Kumbe ni mtindo. Gari ikichemsha mara moja tu, mafundi wengi wanachofanya ni kuichomoa thamostati wanatupa, wanakwambia hii ni ya nchi za baridi huku kwetu haina kazi. Kazi inayo. Ile inafunga maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake, ukiitoa maji yanazunguka muda wote, injini haipati moto, kompyuta inadhani ndo kwanza gari imewashwa inaongeza mafuta, oili nayo inabaki nzito, na wewe unabaki kulaumu wese la sheli. Alafu tatizo la kuchemsha lenyewe halijatibiwa, limefichwa tu. Kwangu chanzo kilikuwa rejeta, mwenye nayo wa kwanza alikuwa anaweka maji ya kisima, na maji ya visima vya Dar mnayajua yalivyo na chumvi, mle ndani kulikuwa na tope la kutu rangi ya chai. Tukabadilisha rejeta, tukaosha njia za maji, tukaweka thamostati mpya na kulanti (dawa ya rejeta) ile ya pinki. Pampu ya maji nayo ilikuwa imeanza kulia nikaibadilisha hapo hapo. Ilinitoka hela, lakini kuanzia hapo taa ya bluu inazima kabla sijatoka mtaani na mafuta yakaja kwenye hizo namba nilizowaambia.

Kulanti wakuu, sio maji. Na sio ile ya kijani ya elfu chache inayotoka povu.

Spea. Nyingi nachukua Kariakoo, upande wa Gerezani, na huko lazima ujue lugha. Muuzaji atakuuliza "unataka OG, kopi au mtumba", OG ndo orijino. OG usiishangilie mapema, OG za boksi zuri zisizo na lolote ndani zimejaa, na boksi linafanana mpaka stika. Kopi ni kopi, angalau mwenyewe anakiri. Mtumba ni kifaa kilichochomolewa kwenye gari iliyokufa Japani, na kwa mtazamo wangu kuna vitu mtumba ni bora mara kumi kuliko kipya: koili, sensa, mota ya feni, reki ya stelingi. Kuna vitu usithubutu mtumba: brek pedi, mpira wowote, pampu ya maji, plagi.

Miguu ya mbele ndo utakayoijua zaidi, kwa matuta yetu haya haina namna. Zinaanza link za stebilaiza, unasikia "ko ko ko" ukipita kwenye mashimo madogo mwendo wa taratibu. Baadae bushi za kontroli ami, baadae boljoint. Niliwahi kuwekewa link za bei ya kutupa, hazikumaliza hata msimu wa mvua, mpira ulipasuka grisi ikatoka na ule mlio ukarudi vile vile. Saivi nalipa zaidi na nasahau. Ukibadilisha chochote mguu wa mbele malizia na alaimenti, wengi wanaruka hii hela alafu tairi zinaliwa upande mmoja.

Tairi yangu ni 185/65R15, zipo kila kona. Angalia tarakimu nne za mwisho za DOT pembeni ya tairi, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yani 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kuna tairi zinauzwa zina ganda zuri na vile vinywele vya mpira bado vipo, kumbe zimelala stoo miaka.

Mtetemo. Ukisimama kwenye taa, gari iko D umekanyaga breki, siti inatetemeka na kioo cha ndani kinatetemeka, ukiweka N inatulia. Watakwambia osha nozeli, watakwambia osha trotobodi (pale hewa inapoingilia kwenye injini), watakwambia plagi, kila kimoja na hela yake. Anza na mauntini, zile mpira zinazoshikilia injini, mara nyingi mpira umekatika au umelala. Kwangu ilikuwa ya upande wa kulia tu. Trotobodi kweli inaota masizi na kuiosha sio vibaya, ila sio dawa ya huo mtetemo.

Oili inaingia kama lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwahiyo galoni moja ya lita 4 inatosha na inabaki kidogo ya kuongezea. Mi naweka 5W-30, gereji nyingi watakusukumia ile nzito ya 20W-50 eti gari imechoka. Injini hii ina cheni ya taimingi, sio mkanda, na cheni inaishi kwa oili, ukichelewesha sevisi au ukiacha oili ishuke utaanza kuisikia asubuhi. Mafuta ya gia boksi ni hidroliki ya T-IV, kwenye dipstiki yenyewe imeandikwa, msomeshe fundi kabla hajamimina ile nyekundu ya kopo lolote. Hizi IST za modeli mpya kuanzia 2007, nyingi ni CVT, yani gia boksi ya automatiki isiyo na gia za hatua, hizo zinataka mafuta yake ya CVT peke yake, fundi akichanganya hapo umeenda.

Niliwahi kuipeleka Iringa na familia, watu wazima wanne na mizigo. Mpaka Moro hakuna shida, tatizo ni tochi za trafiki tu, kila kijiji ni spidi 50 na kosa moja ni elfu 30. Mikumi unaenda taratibu hata kama huogopi faini, twiga na nyani hawana habari na wewe. Mlima Kitonga ndo utajua una cc 1500, kupanda unazima AC, unajipanga nyuma ya lori, unasubiri, injini inalia lakini inapanda, na taa nyekundu haikuwaka, hapo ndo nilimkumbuka yule mzee wa thamostati. Wakati wa kurudi, kushuka, weka gia 2 injini iishike gari, usiteremke na D huku unabonyeza breki mpaka chini, utanusa harufu ya pedi kabla hujafika Ruaha Mbuyuni. Huko nyuma abiria walilalamika mgongo, na nawaelewa, mguu wa nyuma wa hii gari ni mgumu na shokapu zangu zilikuwa zimechoka. Buti ndogo, begi mbili kubwa limejaa.

Vitu vidogo vya mjini: siku unayoinunua nenda kachore namba ya gari kwenye saiti mira na taa zote, na vioo pigisha ribiti, la sivyo utavinunua vyako mwenyewe kwa mtu asubuhi yake. Redio ya Kijapani inaishia FM 90, bila ekspanda, kile kifaa cha kuongeza masafa, utasikia stesheni mbili tatu tu. Yule dada wa Kijapani anayekusalimia kila ukiwasha gari ni kifaa cha kulipia barabara za kwao, anakukumbusha hujaweka kadi, kichomoe waya atulie. Bima ndogo (third party) ni 118,000 kwa mwaka. Mvua ikinyesha kweli usilazimishe kupita bonde la Jangwani, gari iko chini na ikimeza maji injini sio ya kutengeneza tena.

Kama unaenda kukagua moja ya kununua, mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Ukifika shika bonet kwanza, ikiwa ya moto muulize kwanini. Fungua mfuniko wa rejeta wakati bado ya baridi uone rangi ya mle ndani, washa, hesabu muda wa taa ya bluu, sikiliza cheni zile sekunde za mwanzo, alafu iweke D ukanyage breki usikie siti. Kilomita kwenye dashibodi usizipe uzito sana, angalia padeli ya breki na siti ya dereva zilivyolika, na kwenye fremu ya mlango mara nyingi kuna stika ya sevisi ya Kijapani, herufi huzijui lakini namba za kilomita na tarehe utazisoma. Kama stika inasema laki na 20 na dashibodi inasema elfu 80, toa elfu zako za nauli urudi nyumbani, IST ziko nyingi.