Gari linatetemeka ukikanyaga mafuta? Usikimbilie kununua shafti

Karibuni tena jamani. Leo mezani nina shafti mbili za mbele za Toyota IST, yale machuma yanayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi kwenye tairi: moja mtumba wa Japani, nyingine mpya ya bei chee. Maswali yamekuwa mengi: "Gari linatetemeka, nimebalansi tairi, bado tu." Watu wanaliwa hela, na inaniuma, maana wengi wanabadilishiwa kifaa ambacho hakina shida yoyote.

Kabla hujatoa hela, ingia barabarani. Likitetemeka kuanzia 80 au 100, ukanyage mafuta au uachie ni vilevile, kaangalie tairi na rimu. Ukishika breki tu, diski hizo. Umesimama kwenye foleni, gia iko D, gari linatetemeka? Mwambie fundi acheki injini maunti, zile raba zinazoshikilia injini. Lakini likitetemeka ukikanyaga mafuta, hasa kwenye mlima, na ukiachia linatulia, mshukiwa wa kwanza ni jointi ya ndani ya shafti, yaani kiungo cha upande wa gia boksi. Ya nje, ya upande wa tairi, yenyewe hulia ka-ka-ka ukikata kona.

Sogeza kamera hapa. Hiki ni kikombe cha jointi ya ndani, kimetoka kwenye gari lenye shida hiyohiyo. Humu zinatembea rola tatu. Napitisha kucha... mnaona inavyokwama? Rola zimeshachimba mifereji. Injini ikivuta, zinagonga humo na gari zima linatikisika. Hapo hata ujaze grisi mpya, kazi bure.

Sasa hela. Buti, ile raba inayofunika jointi na kushika grisi, ikichanika ukawahi, grisi ikiwa ndiyo kwanza inarukia ndani ya rimu, unabadilisha buti na grisi, basi. Jointi ikishalika, mafundi wengi watakwambia shafti nzima. Wewe ulizia jointi peke yake kwanza. Ikikosekana, kati ya hizi mbili nachukua mtumba bila kusita. Hii mpya nikiizungusha jointi, tayari inacheza. Ya mtumba imebana, na buti yake haina ufa.

Ukienda Kariakoo beba ya zamani mkononi. Hesabu meno ncha zote mbili, pima urefu, maana ya kushoto na ya kulia hazilingani. Kama ya zamani ina ringi ya ABS, ile inayosomwa na sensa ya breki, na unayonunua iwe nayo. Na hela ya ufundi usiimalize mpaka mpande gari wote wawili, mkalijaribu kwenye mlima uleule lilikokuwa linatetemeka.