Faili moja kutoka nakala ya Alhamisi: miaka mitatu na Proxmox Backup Server

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Lile faili la marejesho limekufa."

Ilikuwa Jumatatu, saa 2 na robo asubuhi. Aliyepiga ni mzee mhasibu wa SACCOS moja hapa Moshi ambayo naihudumia mambo ya kompyuta. Faili lenyewe ni la Excel, lina marejesho ya mikopo ya wanachama mwaka mzima, na safu nzima ya riba ilikuwa imejaa #REF!, alama ya Excel kwamba fomula imepoteza kile ilichokuwa inakisoma, kutoka juu hadi chini. Kuna mtu alifuta karatasi moja ndani ya kitabu akidhani haitumiki, akahifadhi, akafunga. Karatasi hiyo ndiyo iliyobeba viwango vya riba. Na wanachama wangeanza kuingia saa 3 kuchukua taarifa zao.

Nimeona niandike kuhusu kifaa kilichotuokoa asubuhi ile, Proxmox Backup Server, programu ya kutunza nakala za akiba za kompyuta, kwa sababu mafundi wengi ninaoongea nao huku Kaskazini wanakitumia kwa kurudisha mashine nzima tu, na wengine hawajui kabisa kwamba mlango wa kuchota faili moja upo.

Kwanza mazingira. SACCOS ile ina seva moja yenye Proxmox VE, programu ya kuendesha mashine pepe, na ndani yake zinaishi mashine pepe mbili, yaani kompyuta nzima zinazoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine. Ya kwanza ni Windows Server yenye diski ya GB 500 ambako mafaili yote ya ofisi yanakaa. Ya pili ni Debian, aina ya Linux, yenye mfumo wa wanachama na hifadhidata ya MariaDB. Pembeni, chumba kingine kabisa, kuna kompyuta ya mezani ya mtumba, RAM GB 16, diski mbili za TB 4 zinazoakisiana kwa ZFS, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski. Hiyo ndiyo inaendesha Proxmox Backup Server. Kila saa 7 usiku nakala inachukuliwa, na naweka za siku 14, za wiki 8 na za miezi 12.

Proxmox ni kampuni ya Vienna, Austria. Backup Server toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2020, na uwezo wa kufungua nakala ya mashine pepe na kuchagua faili ulikuja mwaka uliofuata, 2021. Programu ni huria. Huilipii kuitumia, unacholipia kwa mwaka ni huduma na hazina ya masasisho yaliyopimwa zaidi. Usipolipa, kila ukiingia inakukumbusha kwamba huna usajili, unabonyeza sawa, unaendelea na kazi. Hakuna kitu kinachofungwa.

Sasa turudi Jumatatu.

Nilikaa mezani kwa mzee, nikaingia Proxmox VE kwa kivinjari, nikabofya ile mashine ya Windows, kisha Backup, orodha ya usiku wote ikajipanga. Nikachagua ya Jumatatu alfajiri, nikabonyeza kitufe kilichoandikwa File Restore. Hapo inasubirisha kidogo, sekunde kumi na kitu kwetu. Kisha inafunguka kama mti: diski, ndani yake neno part, ndani yake partisheni, yaani sehemu za diski, kwa namba, ndani ya namba 3 nikaona folda zilezile ninazoziona nikiwa nimekaa kwenye Windows yenyewe. Fedha, Mikopo, Marejesho. Kila faili lina ukubwa wake na saa lilipobadilishwa mara ya mwisho.

Hapo kwenye ukubwa na saa ndipo penye utamu. Mzee aliapa kwamba Ijumaa faili lilikuwa zima. Sikubishana naye, ila sikutaka kupakua nakala moja moja na kuzifungua. Niliangalia namba tu. Nakala ya Jumatatu: MB 1.9. Jumapili: MB 1.9. Jumamosi: MB 1.9. Ijumaa: MB 1.9, limebadilishwa Alhamisi saa 10:47 jioni. Nikafungua nakala ya Alhamisi alfajiri: MB 2.4. Nusu MB ilikuwa imeondoka kati ya nakala hizo mbili, na saa ya kuondoka imeandikwa. Nikalichagua la MB 2.4, nikapakua, nikamfungulia mzee. Riba zote zipo.

Kutoka kuketi hadi faili kufunguka ni dakika 11. Stakabadhi 31 za Alhamisi na Ijumaa tuliziingiza upya, mimi nasoma kitabuni, yeye anaandika, huku wanachama wawili wakisubiri kwenye benchi. Saa 4 kasoro tulikuwa tumemaliza.

Mtu ataniuliza kwa nini sikutumia matoleo ya nyuma ya Windows yenyewe. Yamewashwa, lakini yanakaa kwenye diski ileile ya mashine ileile, na nafasi yake ikijaa ya zamani yanajifuta. Asubuhi ile la zamani kuliko yote lilikuwa la Ijumaa mchana, lenye #REF! tayari.

Nakumbuka vizuri nilivyokuwa nafanya zamani. Nakala zilikuwa mafaili makubwa ya vzdump, chombo cha nakala kilichomo ndani ya Proxmox VE yenyewe, kwenye diski ya nje, kila moja limefungwa kama gunia. Hizo huwezi kuzichungulia kwa kitufe hiki. Kinafanya kazi kwa nakala zilizo ndani ya Backup Server tu. Mtu akipoteza barua moja ya Word, ilibidi nirudishe mashine nzima kwa namba nyingine, niizime mtandao isije ikagongana na yenyewe, niiwashe, niingie, nikopi, kisha niifute. Mara ya mwisho ilinichukua saa 3 na nusu, na ilinibidi nitafute nafasi ya GB 500 ambayo sikuwa nayo. Kama siku yenyewe nimekosea, naanza upya. Kwa utaratibu ule, kutafuta kati ya nakala tano kama Jumatatu hii kungekula siku mbili, na kusema kweli nisingefanya; ningemwambia mzee aandike upya.

Kinachofanyika nyuma ya pazia nakipenda pia. Ukibonyeza kile kitufe, Proxmox VE inawasha mashine pepe ndogo sana ya muda, yenye kiini (kernel) chake cha Linux, inaichomekea diski ya kwenye nakala kwa kusoma tu, na ni hiyo ndogo inayofungua mfumo wa mafaili na kukuonyesha. Ukimaliza na kukaa kimya kwa muda inajizima. Sababu ya kuzunguka hivyo ni usalama: diski ya mashine ya mtu inaweza kuwa imeharibika, au imechezewa makusudi, na hutaki kiini cha seva yako kubwa kikutane nayo ana kwa ana. Na kwa kuwa ni kusoma tu, huwezi kuiharibu nakala kwa kubofya. Kijana wangu wa mafunzo nilimwachia azunguke humo saa nzima bila wasiwasi.

Nafasi nayo inahifadhiwa vizuri. Diski ya mashine pepe inakatwa vipande vya MiB 4, kila kipande kinapewa jina kutokana na alama yake ya SHA-256, kama alama ya kidole inayokokotolewa kutokana na kilichomo, na kipande kilichopo tayari hakiandikwi tena. Mashine ile ya Windows imetumia GB 310 za diski yake. Nakala zake zote za siku, wiki na miezi, pamoja na za ile Debian, zinakula GB 430. Kwa kuwa mashine huwa haizimwi, Proxmox inakumbuka sehemu zilizobadilika tangu jana, hivyo usiku kazi inaisha kwa dakika 4 hadi 6. Mashine ikizimwa kabisa kumbukumbu hiyo inapotea na usiku unaofuata diski yote inasomwa upya. Umeme ukikatika hadi betri ikaisha, siku ya pili usishangae ukiona saa moja na zaidi.

Jambo moja linawatisha wageni: unafuta nakala za zamani na nafasi hairudi. Kufuta kunaondoa orodha tu. Vipande vyenyewe vinaondolewa na kazi ya kusafisha, na hata hiyo haigusi kipande kilichotumika ndani ya saa 24 na dakika 5 zilizopita. Subiri kesho yake.

Mapungufu yapo, na nitayasema kama yalivyo. Hakuna sehemu ya kutafuta. Lazima ujue faili lilikuwa folda gani, au uzunguke kwa mkono. Kwa ofisi ambayo kila mtu anahifadhi kwenye desktop yake, utachoka. Faili pia halirudishwi mahali pake. Linapakuliwa kwenye kompyuta uliyokalia, kisha wewe ndiye unalirudisha. Ukichukua folda nzima linakuja kama zip, na matoleo ya karibuni yanakupa pia tar.zst, ambayo kwa Linux ndiyo nzuri kwa sababu inabeba wamiliki na ruhusa. Na kwa diski za mashine pepe, mlango huu uko upande wa Proxmox VE. Ukiingia kwenye ukurasa wa Backup Server yenyewe utaona nakala zimejipanga lakini ndani ya diski hizo huchungulii. Pale unachungulia nakala za kontena (mifumo midogo ya Linux inayotumia kiini cha seva yenyewe) na za kompyuta zilizohifadhiwa kama mafaili. Nimeona watu wakikata tamaa kwa sababu walikuwa wamesimama mlango usio wenyewe.

Diski iliyofungwa kwa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, haifunguki humo. Kwa ofisi yenye BitLocker ndani ya mashine pepe, kitufe hiki hakikusaidii, unarudi kwenye kurudisha mashine nzima. Mimi nimechagua kusimba nakala zenyewe kwa ufunguo wa Proxmox badala ya kusimba ndani ya Windows, na ufunguo ukiwa kwenye seva, kuchungulia kunaendelea kama kawaida. Ufunguo huo programu inakuruhusu kuuchapa kwenye karatasi wenye alama ya QR. Karatasi yetu iko kwenye sefu ya mzee, ndani ya bahasha ya kaki, chini ya hati ya kiwanja cha ofisi. Nyingine iko kwangu. Seva ikiungua na karatasi hizo mbili zikapotea, nakala zote hazisomeki tena na mtu yeyote, kwa hiyo kila Januari namwomba mzee afungue sefu niione kwa macho.

Hifadhidata ni habari nyingine. Unaweza kuyaona mafaili ya MariaDB ndani ya nakala ya Debian, lakini kulichomoa faili la jedwali moja na kulipachika kwenye hifadhidata inayokimbia si kurudisha, ni kuharibu mara ya pili. Nilichofanya ni kuamuru hifadhidata ijiandike yenyewe kwa mysqldump kila saa 6 usiku, jedwali moja faili moja, ndani ya folda ya kawaida. Saa 7 nakala inapochukuliwa mafaili hayo yanakuwemo, na siku mwanachama aliyefutwa kimakosa anahitajika, nachota faili la jedwali la wanachama kama nilivyochota Excel ya mzee. Kama unasoma hapa na huna utaratibu huo, uweke leo.

Na kuna hili ambalo linanikosesha usingizi zaidi ya yote. Ile mashine ndogo ya muda haijali ruhusa za Windows. Folda ya mishahara ambayo meneja peke yake anaifungua, kwenye dirisha la File Restore iko wazi kama nyingine. Mwenye nafasi ya kubofya kitufe hicho anaona mishahara, barua za onyo, vitambulisho vya wanachama vilivyoskaniwa, hata mafaili yaliyofutwa miezi mitano iliyopita kwa sababu nzuri. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 2023, na nakala haziko nje ya sheria hiyo. Mzee aliniomba nimpe akaunti awe anachota mwenyewe nisisumbuke kutoka Majengo. Nilimkatalia kwa heshima, nikamweleza sababu, akakubali. Tumekubaliana kila ninapofungua nakala naandika kwenye daftari lililoko kwake: tarehe, faili gani, nani ameomba. Siku ile tuliandika mstari wa 23.

Ningeipendekeza kwa nani? Ofisi yoyote ambayo tayari iko kwenye Proxmox VE na ina fundi anayefika walau mara moja kwa wiki. Kompyuta ya mtumba inatosha kuanzia, mradi diski ziwe mpya na ziwe mbili. Kazi ya kukagua vipande iwashe, yangu inakimbia Jumapili, na ikikuta kipande kimeharibika inaiwekea nakala husika alama usije ukaitegemea. Ukiweza, weka mashine ya pili nje ya jengo ivute vipande vipya usiku. Ya SACCOS iko sebuleni kwangu, chini ya meza ya televisheni, inavuma kama friji.

Shule moja ya bweni ninayoihudumia kule juu Marangu bado iko kwenye magunia ya vzdump. Diski zao mbili nimeshanunua, nimezipima, ziko mezani hapa ninapoandika. Likizo ya Juni nikipanda kule, nafunga.