Kikomo cha spidi kisichozuia kitu: uzoefu wangu na programu hii ya bekapu

Nilianza na nyota mbili, na hata hizo niliziweka shingo upande.

Tatizo ni kiboksi kimoja kwenye mipangilio: "Kikomo cha kupandisha". Laini yangu hupandisha (yaani hutuma data nje) megabiti 40 kwa sekunde, nikajaza 32 ili kazi nyingine zipate pa kupita. Bekapu ya kwanza ilikuwa gigabaiti 800. Kwa megabiti 32 hiyo ni zaidi ya saa 55, nililijua na nikalikubali. Nisilolikubali ni kwamba dakika chache tu baada ya kuanza, simu za video ziliganda, kurasa zikagoma kufunguka, na ping (muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi) iliyokuwa milisekunde 18 ikapanda hadi 900 na ushei.

Kabla ya kumlaumu mtoa huduma wa intaneti, piga ping mbili kwa pamoja: moja kwenye ruta, nyingine nje. Ya ruta ilibaki milisekunde 1, ya nje ndiyo iliyokuwa taabani. Basi Wi-Fi haina kosa, foleni iko kwenye modemu upande wa kupandisha. Nikasimamisha programu, ndani ya sekunde mbili ping ikarudi 18. Nikaiwasha, 900. Kupakua nako kulidorora, kwa sababu data inayoingia hudai pakiti (vipande vya data) ndogo za kuthibitisha zirudi nje, na hizo zilikwama nyuma ya shehena ya bekapu.

Chanzo? Programu hupandisha kwa mikondo 4 kwa mpigo, yaani miunganisho minne inayotuma data sambamba, na kikomo kinashika kila mkondo peke yake. 32 mara 4 ni 128, kwenye laini ya 40! Hakuna neno hata moja kando ya kiboksi linalosema hivyo. Nikaandika 8, grafu ya ruta ikatulia kwenye 32, nami nikawa tayari kuwapa nyota nne. Kisha toleo jipya likajisakinisha lenyewe na kufanya mikondo iwe 8. Jumla 64. Foleni ileile.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaambatisha grafu na vipimo vya ping. Jibu: "Ndugu mteja, tunakushauri uongeze kifurushi cha intaneti." Basi! Mtu anakuonyesha breki imekatika, wewe unamwambia akatafute barabara pana zaidi.

Kilichoniokoa ni ruta. Pima spidi ya kupandisha wakati hakuna kinachotumia laini, chukua asilimia 85 hadi 90 (mimi niliweka megabiti 35), kisha washa SQM (kipengele cha ruta kinachodhibiti foleni ya data) na uchague mbinu ya kupanga foleni iitwayo CAKE, au fq_codel kama ruta ni ya zamani. Namba lazima iwe chini ya uwezo halisi wa laini, la sivyo foleni itarudi kwenye modemu ambako ruta haina amri. Zima pia uharakishaji wa pakiti kwa maunzi, maana pakiti zinazopita njia hiyo huiruka SQM, na utadhani haifanyi kazi. Sasa bekapu ikienda kwa nguvu zote ping haivuki 30.

Kwa haki, upande wa kurejesha hawana mpinzani. Laini ikikatika katikati ya faili kubwa, inaendelea palepale ilipoishia. Nilijaribu kurejesha gigabaiti 60 kwenye diski tupu, hesabu za uhakiki (namba zinazoonyesha kama faili imebadilika) zikalingana faili kwa faili. Hilo ndilo jambo kuu katika bekapu, na kwa hilo pekee nilishapandisha hadi nyota tatu.

Ila toleo jingine limetoka majuzi. Nimekifungua kiboksi kilekile: bado ni namba tupu, hakisemi kama ni kwa kila mkondo au kwa jumla. Maneno matatu tu wameshindwa kuyaandika, baada ya kutumiwa vipimo vyote vile. Naziondoa zote, nabakisha moja.